Singapore: Kwa nini nchi ndogo ilijenga chuo kikubwa cha usalama?

Mwezi Julai 1996, Singapore ilianzisha taasisi ndogo ya utafiti wa ulinzi na mikakati ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang. Kufikia Januari 2007 taasisi hiyo ilikuwa imekua na kuzaa chuo kamili kinachotoa shahada za uzamili na uzamivu: Chuo cha S. Rajaratnam cha Masomo ya Kimataifa, maarufu kwa kifupi kama RSIS. Katika makala hii tunaangalia kilichokikuza chuo hicho, pamoja na swali ambalo bado liko wazi: je, chuo kilichozaliwa na serikali kinaweza kuiambia serikali hiyo jambo isilotaka kulisikia?

Hofu ya tangu mwanzo

Singapore ilikuwa nchi huru Agosti 9, 1965, baada ya kutengana na Malaysia. Haikuwa na jeshi la kutegemewa, na sehemu kubwa ya maji yake ilitoka Johor, upande wa pili wa mlango-bahari. Miezi mitano kabla ya hapo, bomu lililotegwa na wahujumu kutoka Indonesia lilikuwa limeua watu 3 katika jengo la MacDonald House. Mwaka 1968 Uingereza nayo ikatangaza kwamba itaondoa majeshi yake.

Aliyekabidhiwa kazi ya kutafuta marafiki katika mazingira hayo ni S. Rajaratnam, mzaliwa wa Jaffna na mwandishi wa habari aliyekuwa waziri wa kwanza wa mambo ya nje. Agosti 8, 1967 alikuwa mmoja wa watu watano waliotia saini mjini Bangkok azimio lililounda jumuiya ya ASEAN. Alifariki Februari 2006, na chuo kikapewa jina lake mwaka uliofuata.

Mgogoro baada ya mgogoro

Taasisi ilipoanza, maswali yake yalikuwa yale ya kawaida: majeshi, silaha, na mizani ya nguvu kati ya Marekani na China. Haukupita muda, matukio yakaipanulia kazi. Julai 1997 sarafu ya Thailand iliporomoka na uchumi wa kanda ukatikisika. Mei 1998 Rais Suharto wa Indonesia akaondoka madarakani baada ya zaidi ya miaka 30. Mwishoni mwa 2001 Singapore yenyewe iliwakamata wanachama wa kundi la Jemaah Islamiyah, waliotuhumiwa kupanga mashambulizi dhidi ya balozi za kigeni. Oktoba 2002 mabomu ya Bali yaliua watu 202. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS ukaua watu 33 nchini Singapore.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingezuiwa na vifaru mpakani. Ndiyo maana chuo kilipanuka kwa kuongeza vituo: cha utafiti wa ugaidi na ghasia za kisiasa, cha usalama wa taifa, na kingine kinachoshughulikia usalama usio wa kijeshi, yaani chakula, maradhi, mabadiliko ya tabianchi na uhamiaji.

Nani anakitumia?

Chuo kinatoa shahada za uzamili katika mikakati, uhusiano wa kimataifa, uchumi wa siasa wa kimataifa na masomo ya Asia. Wahadhiri wake pia huwafundisha maofisa katika chuo cha ukamanda na unadhimu cha jeshi la Singapore, na kila mwaka maofisa wa ngazi ya juu kutoka nchi mbalimbali za Asia na Pasifiki hualikwa kwa mafunzo ya pamoja. Faida yake huonekana baadaye. Mvutano unapozuka katika Bahari ya China Kusini, ni rahisi zaidi kumpigia simu mtu uliyewahi kukaa naye darasani.

Ukaribu una gharama

Mkuu wa kwanza wa taasisi, S. R. Nathan, aliwahi kuongoza idara ya ujasusi katika wizara ya ulinzi na kuwa balozi nchini Marekani. Mwaka 1999 akawa rais. Ukaribu wa namna hiyo hufungua milango ambayo mtafiti wa kawaida hawezi hata kuibisha.

Lakini mwenye mlango ndiye mwenye ufunguo. Sheria ya Usalama wa Ndani ya Singapore inaruhusu mtu kuzuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Taarifa nyingi kuhusu watuhumiwa wa ugaidi hubaki mikononi mwa vyombo vya usalama, na ushahidi haupimwi hadharani. Anayezihitaji taarifa hizo kwa utafiti wake wa kesho ana sababu ya kupima maneno yake ya leo.

Hatusemi kwamba wasomi wa chuo hicho wamenyamaza. Uchambuzi wao huchapishwa na yeyote anaweza kuusoma. Tunachosema ni kwamba idadi ya vituo na wanafunzi haitoshi kupima ukuaji wa chuo cha aina hii. Kipimo ni kile kinachotokea pale utafiti unapokwenda kinyume na sera.

Jambo hili linatuhusu Afrika Mashariki pia. Tanzania ilizindua Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, mwaka 2012, na Kenya ikakipa hati Chuo Kikuu chake cha Taifa cha Ulinzi mwaka 2021. Majengo na walimu vinaweza kupatikana kwa bajeti. Uhuru wa mtafiti kusema "hapa tumekosea" lazima upangwe mapema, kabla mgogoro haujabisha hodi.