Jasho ndilo adui, si theluji

Tangu Philip Boit aiwakilishe Kenya katika mbio za kuteleza thelujini huko Nagano, Japani, mwaka wa 1998, nimewasikia wengi wakishikilia kwamba dawa ya baridi ile ni koti zito. Sikubaliani nao. Nikiwa masomoni Norway nilivaa hivyo hivyo: fulana mbili za pamba na koti kubwa. Baada ya kupanda kilima kimoja tu nilikuwa nimelowa chepechepe. Niliposimama kupumzika, nikatetemeka hata meno yakagongana.

Pamba hufyonza jasho na kulishikilia, na nguo mbichi huunyang'anya mwili joto upesi. Vazi linalogusa ngozi liwe la sufu nyepesi au poliesta. Juu yake livaliwe la kuhifadhi joto, kisha koti jepesi la kukinga upepo. Mtelezaji avue moja kabla ya kupanda mlima, alivae tena mara anaposimama. Anayehisi baridi kidogo anapoondoka amevaa sawasawa. (Hata neno “sweta” asili yake katika Kiingereza ni jasho!)

Basi mzazi anayemnunulia mwanawe koti la bei ghali kabla ya safari ya ng'ambo, na aanze na fulana.