Mizani Haijawahi Kuyaona Mafuta Yako

Jumamosi iliyopita pale Mikumi, joging ilipokwisha na watu wamekaa kivulini wakisubiri supu, mgeni mmoja aliyetoka mjini alisimama akatupa somo. Mwanariadha asiyeijua asilimia yake ya mafuta, alisema, anabahatisha. Akarudia kwa mkazo: anabahatisha! Makofi yakapigwa, mweka hazina akatoa daftari, na kabla supu haijafika kikundi kilikuwa kimeanza kuchangishana hela ya mizani janja, ile ya kuunganisha na simu. Ubishi ukawa mkubwa, lakini ulikuwa wa kununua ipi: ya vyuma vinne vya kukanyaga au yenye mshikio wa mikono, ya kioo cheusi au cheupe, inayotunza kumbukumbu za watu wanane au ya ukoo mzima. Hakuna aliyeuliza hayo mafuta mizani inayaonaje.

Haiyaoni. Hilo ndilo ninalotaka kuandika leo, na nitalirudia mpaka mhariri achoke.

Mizani janja inapima vitu viwili tu. Cha kwanza ni uzito wako, na hapo sina ugomvi nayo. Cha pili ni ukinzani: inapitisha umeme mdogo sana, usiousikia, kutoka unyayo mmoja kwenda wa pili, kisha inaangalia umepita kwa urahisi au kwa taabu. Maji na misuli hupitisha umeme vizuri, mafuta huuzuia. Basi. Yaliyobaki inakuuliza wewe mwenyewe: jinsia, umri, urefu. Majibu yako inayatia kwenye fomula iliyotokana na miili ya watu wengine, ambao huwajui na boksi halikwambii walikuwa akina nani, halafu inakutolea namba yenye nukta ya desimali ili uiheshimu.

Na huo umeme wenyewe, kwenye mizani isiyo na mshikio wa mikono, hausafiri mbali. Unapanda mguu mmoja, unakatiza nyongani, unashuka mguu wa pili. Kitambi, ambacho ndicho kilichowaleta wengi wetu kwenye joging, hauendi hata kukisalimia. Lakini ukifungua programu kwenye simu utakuta mafuta ya tumboni yameandikwa, uzito wa mifupa umeandikwa, hata kichekesho kinachoitwa umri wa mwili. Vitu viwili vimepimwa, majibu kumi na kitu yametoka!

Sisi tunaoishi kandokando ya barabara ya TANZAM tusingestahili kudanganyika kirahisi hivi, maana tunaijua mizani ya malori. Semi inapanda, ekseli zinasomwa, na kama jumla imevuka tani 56 za sheria ya Afrika Mashariki, dereva ana maneno ya kujibu. Ila mizani ile haijawahi hata siku moja kusema ndani ya turubai mna saruji au mna mahindi. Anayetaka kujua mzigo anafungua turubai. Hebu fikiria mpimaji amuulize dereva umri wake, urefu wa lori na rangi ya kichwa, kisha atangaze kwa sauti ya kitaalamu kwamba humo mna asilimia 23.4 ya mahindi. Tungemcheka mpaka Ruaha Mbuyuni. Mtu huyohuyo akivaa raba nyeupe na kushika simu, tunamchangia.

Kwa binadamu, kufungua turubai maana yake ni kumpasua. Wataalamu wa Brussels walifanya kazi hiyo kwa maiti, na mwaka 1984 wakachapisha matokeo ya miili 25 iliyotenganishwa ngozi, mafuta, misuli na mifupa, kila kitu kikapimwa peke yake. Wao ndio wanaoweza kusema wameyaona mafuta ya mtu yote. Njia nyingine zilizobaki, hata zile za hospitali kubwa zenye eksirei, ni za kukisia, zikipishana kwa ubora tu, na ya kukanyaga bafuni iko mkiani. Sijamsikia mwanachama yeyote wa kikundi chetu akijitolea kwa njia ya Brussels.

Nilikwenda Kilosa mjini kwa shughuli zangu, nikamkuta karibu na stendi kijana anayeuza chaja, kava na hizo mizani. Palikuwa na binti mmoja mkimbiaji, mwembamba kama wakimbiaji walivyo, anataka kujaribu kabla ya kununua. Akavua raba, akapanda. Kioo kikaandika kosa. Kijana akamtazama miguu, akasema, "Dada, una magaga, umeme hausomi." Binti alikulia peku mashambani Kimamba, magaga ndiyo cheti chake cha riadha! Akafutwa nyayo kwa kitambaa chenye maji, akapanda tena. Kilo 54, mafuta asilimia 24.1. Uso ukamshuka palepale.

"Usihofu, dada," yule kijana akasema, "nimesahau kukuweka upande wa wanamichezo." Akabonyeza simu. Binti akapanda tena, magaga yaleyale, kilo zilezile 54. Mafuta: asilimia 17.3. Karibu kilo nne za mafuta zimeondoka kwa kidole cha muuza chaja, na binti wala hajaenda hata msalani. Nikamuuliza kijana ipi ya kweli. Akanitazama kwa huruma: "Mzee wangu, inategemea wewe ni mwanamichezo au siyo."

Sasa hicho ni kipimo gani? Unakiambia jibu, kinakurudishia jibu. Hicho kitufe si siri ya muuzaji yule, kimo kwenye mizani nyingi za aina hii, na kazi yake ni kubadilisha fomula. Umeme uliopita miguuni haubadiliki. Na ungepiga maji nusu lita kabla ya kupanda, uzito ungeongezeka palepale huku umeme ukiwa bado haujui kitu, na fomula ingeyahesabu maji yako kama mafuta. Mwanamichezo ananywa maji, mizani inamwambia amenenepa!

Nilipoyasema haya baadaye kwa kikundi, mwenzetu mmoja alinijibu kwa neno analolitegemea siku zote: "Lakini Ulaya wanatumia." Ulaya ninayoifahamu mimi iko kati ya Kilosa na Mikumi, ni kata ya wakulima, na huko watu wanapimana kwa kulima. Kama ni ile nyingine, basi Ulaya wanatumia vitu vingi. Wanauza maji ya chupa kwa ajili ya mbwa. Mtu mzima kujenga hoja kwa kutaja bara zima, halafu akakaa chini akiwa ameridhika, ndiyo maana vikao vyetu haviishi.

Kuna jambo linaniuma zaidi nikisikia neno mizani kwenye wilaya hii ya Kilosa. Mkulima wa vitunguu wa Malolo amelia na lumbesa tangu nikiwa kijana. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, sheria ipo, Wakala wa Vipimo wapo, na bado mnunuzi anakuja na gunia lake, analishonea kilemba juu mpaka linakuwa refu kuliko mbebaji. Ukimwambia mkulima adai mizani, mizani hakuna. Lakini hela ya mizani ya kumwambia mtu umri wa mwili wake, hiyo inapatikana Jumamosi moja tu, kabla ya supu. Haya, niyaache ya lumbesa.

Turudi kwenye mbio. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi aliwaongoza wenzake tangu mlio wa bastola na kumaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Mizani za kupima mafuta kwa kukanyaga hazikuwa zimefika madukani. Zilianza kuuzwa miaka ya 1990. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na yeye vilevile hakuwa na kioo cha kumnong'oneza asubuhi. Mtaniambia hiyo ni zamani. Sawa, Septemba 2025 kule Tokyo Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, baada ya zaidi ya saa mbili za kukimbia. Walimaliza wakiwa wamepishana kifua. Mtu anayedhani tofauti hiyo ilikuwa ya asilimia ya mafuta hajawahi kukimbia akiwa amechoka.

Wale mabingwa walikuwa na saa, mlima, wenzao wa kukimbia nao, na chakula. Nasema chakula kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo mizani hii inapoacha kuwa upuuzi wa kuchekwa. Yule binti wa Kimamba, kama kijana asingekumbuka kitufe chake, angerudi nyumbani na 24.1 kichwani. Kesho yake ugali ungepungua, keshokutwa maharage yangeonekana adui. Mmarekani Mary Cain, aliyekuwa mkimbiaji wa ajabu akiwa bado msichana wa shule, alieleza hadharani mwaka 2019 jinsi alivyoshinikizwa apungue na kupimwa uzito mbele ya wenzake: hedhi ilikatika miaka mitatu, mifupa mitano ikavunjika. Nchi yenye kila aina ya mizani hiyo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelipa tatizo hili uzito wake. Wataalamu wake walilieleza mwaka 2014 kama upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na waliporudi tena mwaka 2023 walitaka vijana wa chini ya miaka 18 wasipimwe mafuta kabisa, isipokuwa daktari awe na sababu ya tiba.

Chini ya miaka 18 ndio wengi wa hao wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Na nasikia mwalimu mmoja wa michezo ameshaomba kikundi kikishanunua kimwazime mizani, "tuwachuje mapema." Mwalimu, shikamoo, lakini wachuje kwa saa. Chora mstari kwenye vumbi, hesabu mita 400, piga filimbi. Anayefika mbele amefika mbele, awe na mafuta ya alizeti au ya samli. Wiki ijayo warudie palepale, uandike kwenye daftari. Na msichana akisema siku zake zimekatika, hiyo ni taarifa kubwa kuliko namba yoyote ya kwenye simu, mpeleke kituo cha afya.

Kama kikundi lazima kitoe hela, kinunue vizibao vya kung'aa gizani. Sisi wa Mikumi tunakimbia alfajiri kwenye lami ileile wanayopita madereva waliotoka Tunduma usiku kucha, macho mekundu, na wengine wa upande wa pili wakiwa wametoka kukwepa nyati ndani ya hifadhi. Tunakimbia na fulana nyeusi kwa sababu mtu fulani alisema nyeusi inapunguza mwili. Vizibao nimeviona stendi, vya kijani na vya chungwa, na muuzaji amesema tukichukua vingi atapunguza bei.