Kinsevere: Pesa za mgodi zinunue pia mbao za chesi

Tarehe 12 Desemba 2024, huko Singapore, Ding Liren wa China na Gukesh Dommaraju wa India waliketi kwa mchezo wa 14, wa mwisho, wa ubingwa wa dunia wa chesi, ambayo kwetu wengi huiita échecs. Kila mmoja alikuwa na pointi 6,5. Mchezo ulielekea sare. Kwenye hatua ya 55, Ding akasogeza mnara wake mahali pabaya. Gukesh aliona, akalazimisha kubadilishana vipande, akabaki na askari mmoja zaidi. Hatua tatu baadaye Ding alikubali kushindwa. Gukesh alikuwa na miaka 18.

Hayo yanaihusu nini Kinsevere? Yanaihusu sana. Akili kama hiyo haizaliwi India na China peke yake. Amon Simutowe alizaliwa Ndola, mji wa shaba kama yetu, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Mwaka 2000 alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa vijana huko Armenia. Chesi ilimfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, kisha akapata cheo cha juu kabisa cha mchezo huo.

Huku kwetu, vijana hucheza dame kwa vifuniko vya bia chini ya miti. Akili ipo. Kinachokosekana ni ubao, mwalimu na mashindano.

Kanuni ya migodi ya mwaka 2018 inadai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaoizunguka. Mgodi wa shaba wa Kinsevere, ulio mikononi mwa MMG tangu 2012, unahusika.

Watu watasema: maji, shule na barabara kwanza. Ni haki yao. Lakini ubao wa chesi haunyang'anyi mtu kisima. Seremala wa kijiji anaweza kuuchonga, na mwalimu mmoja anaweza kufundisha darasa zima.

Wakaaji, machifu na kampuni watakapokaa tena kupanga miradi, waandike mstari mmoja: chesi katika kila shule inayozunguka mgodi. Shaba itaisha siku moja. Mtoto aliyezoea kufikiri kabla ya kusogeza mkono atabaki.