Bure, Ukiwa na Bando

Kila semina ya programu huria niliyohudhuria ilianza na neno lilelile: bure. Hulipi leseni, huibi, huombi ruhusa ya mtu, na msimbo uko wazi uusome mwenyewe. Yote ni kweli na sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni kumwambia mwanafunzi aliyekwama njiani kwamba amekwama kwa uvivu wake.

Machi nilikuwa nyumbani Tukuyu, nikihangaika na sura ya tatu ya tasnifu. Mada yangu ni majivu ya Mlima Rungwe. Kiasi cha miaka 4,000 iliyopita mlima huu ulilipuka kwa nguvu, ukamwaga mawe mepesi, yale ya kusugulia visigino, juu ya eneo kubwa. Tabaka lake utaliona kwenye kingo za barabara zilizochongwa, na limekutwa pia kwenye tope la chini ya Ziwa Masoko. Jirani yake, Kyejo, ulitoa lava karibu na mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu za volkano. Juu ya milima hiyo watu wamejenga, wamepanda chai, migomba na viazi. Kujua majivu yangeangukia wapi leo si swali la kupambia tasnifu.

Programu ya kukokotoa jambo hilo ipo. Imeandikwa kwa lugha ya C na hutolewa ikiwa msimbo mtupu, unaijenga mwenyewe. Maelezo yake yalikuwa mistari michache: andika make. Nikaandika. Kompaila ikajibu kwamba haioni faili liitwalo gc.h, ikasimama hapo.

Maelezo hayakutaja gc.h popote. Ni faili la maktaba ya Boehm, inayorudisha kumbukumbu ambayo programu haiitumii tena. Kilichoniudhi ni kwamba maktaba yenyewe nilikuwa nayo. Debian na ndugu zake huigawa maktaba mara mbili: kifurushi kimoja cha kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa, na kingine, chenye -dev mwishoni mwa jina, cha kujengea. Ni sawa na kuwa na mtungi wa gesi umejaa, na jiko zima, huna mpira wa kuunganisha. Kwenye Fedora kifurushi hicho kinaitwa gc-devel, kwangu libgc-dev. Aliyezoea anajua. Asiyezoea anaomba gc, anaambiwa hakuna kitu kama hicho.

Iko zana ya kukuambia faili fulani limo kwenye kifurushi kipi, apt-file. Lakini kabla haijakujibu inataka kushusha orodha ya mafaili ya vifurushi vyote, makumi ya megabaiti. Bando lilikuwa limebaki la kutumia ujumbe tu, na mvua ya Tukuyu unaijua: ikianza, umeme na mtandao vinapokezana kuondoka.

Rafiki yangu aliye Mbeya alinitafutia jina, akashusha libgc-dev, akaiweka kwenye flashi na kumpa kondakta wa Coaster. Kilomita kama 70. Nilipoisakinisha ikakataa. libgc-dev hudai libgc1 ya toleo lilelile hasa, na mfumo wa rafiki ulikuwa mpya kuliko wangu. Mara ya pili nilikuwa nimejifunza: ukiipa apt-get neno --print-uris haishushi kitu, inaandika tu anwani ya kila faili inalohitaji. Nikamtumia anwani hizo, flashi nyingine ikashuka na Coaster. Siku nne, kwa kifurushi kisichofika megabaiti moja.

Mwenzangu wa darasani alicheka nilipomsimulia. "Kaka, si ungetumia kontena? Kila kitu kimo humo." Kimo, ndiyo, kwa mamia ya megabaiti. Hilo ni jibu la mtu aliyekaa chini ya waifai ya kampasi. Mwingine akaniambia nivumilie, eti ndivyo mafundi wanavyokomaa. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Nilichokipata kwa siku nne kingetosha mistari miwili: jina la kifurushi na toleo lake. Kumnyima mtu mistari miwili, kisha kumsifu kwa kuitafuta gizani, ni kumtesa tu.

Waandishi wa programu hizi siwalaumu sana. Wengi hawalipwi, na mtu ambaye maktaba imo kwenye mashine yake tangu zamani hawezi kuona kwamba mwingine hana. Lawama yangu kubwa ni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi ikizungumza Kiswahili. Watu walikaa wakatafsiri neno kwa neno. Miaka zaidi ya 20 baadaye tasnifu zetu zinaandika kwamba data "zilichakatwa kwa programu huria", basi. Toleo halitajwi, vifurushi havitajwi. Mtahini anakagua koma kwenye marejeo, haulizi kama hesabu inaweza kurudiwa. Atakayetaka kuirudia atasubiri Coaster kama mimi.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Idara inayofundishia programu huria inunue diski moja, ijaze nakala ya vifurushi vya toleo inalolitumia darasani, mwanafunzi anakili kabla ya kwenda likizo. Debian wenyewe wanatoa picha za diski kwa ajili ya watu wasio na mtandao wa maana. Na kila tasnifu yenye msimbo iambatane na orodha kamili, iliyojaribiwa kwenye mashine iliyosafishwa, si ile ya mwandishi.

Yangu nimeiandika, kurasa mbili, Kiambatisho C. Msimamizi ameizungushia kalamu nyekundu na kuuliza kama ni ya lazima. Nimejibu ndiyo. Vifurushi vyenyewe viko kwenye flashi, kwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Tukuyu. Mwambie kijana wa pale unataka za volkano, atakunakilia.