Risala ya Wahudumu na Wapishi wa Migahawa na Baa za Jiji la Dodoma Kuhusu Malimao ya Kwenye Vinywaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tumekuja na jambo linaloonekana dogo: kile kipande cha limau tunachokipachika kwenye mdomo wa glasi au kukitosa kwenye maji ya mteja. Wateja wanauliza kama ni salama, na wana haki ya kuuliza. Sisi ndio tunaokikata, hivyo tunajua kilikopitia.

Limau linakuja na lori, linashushwa sokoni, linafika jikoni na vumbi lake. Mara nyingi halioshwi, eti ganda haliliwi, wakati ganda hilohilo ndilo linaloelea kwenye kinywaji. Kibao cha kukatia ni kimoja, na kisu kimetoka kwenye kuku mbichi. Vipande vinakaa kwenye bakuli la wazi juu ya kaunta tangu mchana hadi kufunga. Kila mmoja wetu anachovya humo vidole vilevile vilivyopokea noti, vikarudisha chenji, vikafuta meza.

Tunaambiwa ukali wa limau unaua kila kijidudu. Ni kweli kwamba asidi yake, ikiwa nyingi na ikipewa muda, inaua hata bakteria wa kipindupindu. Lakini ganda la nje halina asidi hiyo, na tone moja ndani ya glasi iliyojaa maji halifui dafu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Anne LaGrange Loving na John Perz, walitoa matokeo ya kupima vipande 76 vya limau kutoka migahawa 21. Takriban asilimia 70 vilikutwa na vijidudu. Hawakusema kuna mteja aliyeugua, nasi hatutaki kumtisha mtu. Mwenye afya njema huenda akanywa na asidhurike. Ila mtoto mchanga, mjamzito, mzee na yule ambaye kinga yake imepungua wote wanakaa kwenye meza zetu. Na mkoa huu haukusalimika na mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015.

Mheshimiwa, kinachotuuma ni kuitwa wachafu wakati maji ya kunawa hayatutoshi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Wateja wameongezeka, migahawa imeongezeka, maji hayajaongezeka kwa kasi hiyo. Siku ya mgao tunaletewa ndoo chache, na mpishi anazitaka zote. Mhudumu atanawa na nini?

Kubwa kuliko yote ni hili. Wengi wetu tunalipwa kwa siku. Mwenzetu akiamka anaharisha, akibaki nyumbani watoto wake hawali, kwa hiyo anakuja. Anakuja, anakata malimao. Hakuna sabuni wala glavu itakayoziba tundu hilo maadamu kuugua ni kukosa posho. Tunadai mhudumu mwenye maradhi ya tumbo apumzishwe bila kukatwa malipo, na gharama ya kupimwa afya ibebwe na mwajiri. Hivi sasa wengi tunaitoa mifukoni mwetu.

Tunadai pia maafisa afya wanapokuja kukagua wasiishie chooni na kwenye vyeti. Wafike kaunta ya vinywaji, waulize bakuli la limau limejazwa lini. Pawepo ndoo yenye koki na sabuni hapohapo kaunta, kisu na kibao cha matunda peke yake, koleo ya kuchukulia, na mfuniko. Limau lioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, vipande vihifadhiwe kwenye friji, vilivyolala vitupwe. Tumekuwa tukiamriwa kuviuza kesho yake, na anayekataa anaonekana mkorofi. Hilo likome. Yote haya hayafikii gharama ya kreti chache za soda, na tunaomba yaingizwe kwenye masharti ya leseni ili mwenye mgahawa asiyetaka asipate pa kujificha.

Wakati tunasubiri, turuhusiwe kutoweka limau mpaka mteja aagize, na akiagiza tumletee zima lililooshwa pamoja na kisu safi, akate mwenyewe.