Mwizi wa saa nne asubuhi

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, stendi za Mbeya na Iringa hujaa vijana wenye mabegi, ndoo na magodoro yaliyofungwa kamba. Hosteli za vyuo hazitoshi, hivyo wengi hupanga mtaani. Wa MUST wanatafuta vyumba Iyunga na Ikuti. Wa Mkwawa, wa RUCU na wa Chuo Kikuu cha Iringa wanajigawa Kihesa, Semtema na Mtwivila. Wenyewe wanaita geto. Ndani ya geto kuna kompyuta mpakato, simu, mtungi wa gesi na spika kubwa, vyote nyuma ya kitasa cha bei ndogo ambacho mpangaji wa mwaka jana huenda bado ana ufunguo wake.

Katika Injili mwizi huja usiku. Mwizi wa mageto huja saa nne asubuhi. Ratiba ya vipindi anaijua, na siku bumu la Bodi ya Mikopo linapoingia anaijua pia. Anavunja kufuli, anatoka na begi mgongoni na mtungi mkononi, anamwamkia mama anayeanika nguo uani, anaondoka. Mama anaitikia. Hajui kama huyo ndiye mwenye chumba au la, maana tangu kijana ahamie hapo hawajawahi kuulizana majina.

Ndiyo maana ushauri wa kila mwaka, weka nondo, nunua kufuli kubwa, ni mzuri lakini hautoshi. Tuufuate hata hivyo. Badilisha kitasa siku ile ile unapohamia. Usiweke kompyuta karibu na dirisha, kwa sababu wapo wanaovua vitu kwa mti mrefu wenye ndoano bila kugusa mlango. Piga *#06#, nakili namba ya utambulisho wa simu yako, itunze pamoja na risiti; polisi wataiuliza. Miezi ya mvua ongeza tahadhari: mvua ikipiga bati, hata nyundo haisikiki. Hayo yote ni kazi ya siku moja. Kujulikana mtaani ndiko kunakochukua muda.

Na hapa Kanisa lina kitu ambacho polisi jamii wangetamani kuwa nacho. Tangu miaka ya 1970, maaskofu wa AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, mitaani mwetu wapo waamini wanaokutana kila wiki, nyumba hadi nyumba. Lakini tunapotumwa parokiani tunakuta jambo la kusikitisha. Kijana Mkatoliki anasali miaka mitatu na wenzake wa TMCS chuoni, na jumuiya iliyo nyuma ya ukuta wake haijui kama yupo. Inamhesabu kuwa mpita njia. Naye, tuseme ukweli, sala ya jumuiya ikianza Jumamosi alfajiri amelala.

Tunapendekeza viongozi wa jumuiya wapite kwenye mageto juma la kwanza la masomo, wakiongozana na mjumbe wa nyumba kumi, waandike majina na namba za simu za wazazi. Wasianze kwa kuuliza dini. Kama alfajiri inawashinda wanafunzi, wapangiwe Jumapili jioni, haitaharibu kitu. Mama yule anayeanika nguo akishajua kwamba mwenye chumba ni binti wa Sumbawanga anayesoma ualimu, atamwuliza kijana anayetoka na mtungi anaupeleka wapi.

Lipo jingine ambalo wanafunzi hawapendi kuambiwa. Kompyuta iliyoibwa Iyunga hainunuliwi na mkulima wa viazi. Mara nyingi anayeinunua ni mwanafunzi mwenzake, bila risiti, kwa bei ambayo peke yake ingetosha kumshtua. Katekisimu, namba 2412, inamweka anayepokea mali ya wizi huku akijua pamoja na mwizi mwenyewe katika deni la kurudisha. Kuungama bila kurudisha, wakati kompyuta bado iko mezani na kazi za semina zinaandikiwa humo, hatujui tukuiteje.

Halafu kuna siku mwizi anakamatwa. Tumewasikia vijana wema, wengine wanakwaya, wakisimulia kwa kicheko jinsi kibaka alivyopigwa mpaka akanyamaza. Mshikeni, mwiteni mwenyekiti wa mtaa, mpelekeni kituoni. Hata sheria ya kale katika Kutoka 22 iliweka mpaka: mwizi akikutwa anavunja nyumba usiku akapigwa akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu, jua likiwa limechomoza, anayo. Na wizi wa mageto, kama tulivyosema, ni wa saa nne asubuhi.