Mwana Aliyekwenda Kanada

Juzi mama mmoja jirani alifungua fundo la kanga yake akanitolea hati ya mauzo ya shamba la minazi aliloliuza ili mwanawe akasome, maana Kanada, ambayo zamani ilimtaka mwanafunzi mgeni aonyeshe akiba ya dola 10,000 za huko, mbali na karo na nauli, ilikipandisha kiwango hicho mwanzoni mwa 2024 hadi 20,635.

Kijana akihitimu asirejee, hulaumiwa kuwa ametupa asili yake. Nami, kwa insafu, lawama hiyo siikubali, kwani aliyeuziwa minazi amebeba deni ambalo mshahara wa kwetu (ukipatikana) haulilipi, na nchi ile yenyewe humpa mhitimu kibali cha kazi hata cha miaka 3, muda ambao ndani yake hutafuta ukaazi wa kudumu.

Ninalolikirihi ni ule ukimya. Laiti angalimweleza mamaye, kabla ya dalali kukanyaga shamba, kuwa safari ile haikuwa ya kusoma tu, bali huenda ikawa hijra.

“Masomo ni miaka minne, sivyo, mwanangu?” aliniuliza, akiirudisha hati funduni.

Nikamwambia naam, ni minne.